Maneno ya Kupunguza Makali

Ujumbe ulinikuta jikoni nikikatakata sukuma wiki. Kwenye kundi letu la simu la watu waliowahi kuishi Burumba, pale Busia, mtu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba Madam Imelda amekuwa promoted to glory, yaani amepandishwa cheo akaingia utukufuni, na chini yake watu walikuwa wamejaza viganja vya kuomba mpaka skrini ikawa ya manjano tupu. Nilicheka, Mungu anisamehe, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Madam Imelda alikuwa anayachukia maneno hayo kuliko alivyochukia mende. Kabla sijaweka kisu chini, mwingine akauliza ni nani ataandika tanzia, na wa tatu akajibu, "Si Nabwire alifanya kazi kwake?" Ni kweli nilifanya kazi kwake, mwaka mmoja tu, nilipokuwa nimetoka kidato cha nne na sina mbele wala nyuma. Sasa nimekaa na karatasi, na badala ya tanzia kinachokuja ni mwaka ule.

Kazi yetu ilikuwa katika chumba kimoja cha mabati, hatua chache kutoka barabara ya lori zinazoelekea mpakani. Mbele kulikuwa na meza mbili, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikipata joto na kukataa kazi kila mchana, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kana kwamba ni kiti cha askofu, na benchi refu la wateja. Nyuma ya ukuta wa mbao nyepesi ndiko tulikolala, Madam na mimi, na ndiko kulikokuwa na jiko la makaa. Huko nyuma ungesikia kila neno linalosemwa mbele. Tulikula ugali wa muhogo na wimbi kwa omena, na siku Madam akipata karanga kutoka kwa marafiki zake wa Kiteso tulikula mboga ya kunde iliyoungwa karanga, ambayo mpaka leo sijaipata mahali pengine ikiwa tamu vile. Alikula polepole akisikiliza redio, na redio ikianza matangazo ya vifo aliacha kutafuna. Alikuwa anasikiliza kazi yake mwenyewe.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yetu. Madam alikuwa amefundisha Kiingereza shule za upili mpaka koo likamkataa, akastaafu, akafungua bureau ya kupiga chapa, na watu wa Busia wakagundua kwamba hakuna anayejua kumwandika marehemu kama yeye. Walitoka Nambale, walitoka Malaba, wengine walivuka kutoka upande wa Uganda wakiingia na "kitalo, nnyabo," ile pole yao ya msiba, hata kabla hawajasema wamefiwa na nani. Wiki yangu ya kwanza mzee mmoja alileta habari za mkewe, nami nikapiga chapa kwamba mama fulani died siku fulani, alikufa, basi. Madam alisoma, akavua miwani, akanitazama. "Nabwire, mbuzi ndiye hufa. Mtu hupass on." Akaniketisha akanifundisha, na mafunzo yenyewe yalichukua mwaka mzima. Passed on ni shati linalomtosha kila mtu. Mzee aliyeshiba siku utamwandika kwamba amepumzika. Wa kanisani ameitwa nyumbani. Aliyeugua sana amelemewa, na aliyeugua ugonjwa ambao nyumba nzima inauficha, na miaka ile walikuwa wengi, huyo ameondoka baada ya kuugua kwa muda mfupi, hata kama amelala kitandani miaka mitatu. Kijana ameondoka kabla ya wakati wake. Hilo la kupandishwa cheo alilikataa kabisa. Jamaa mmoja wa Burumba alilitaka kwa kaka yake aliyekufa amelala mtaroni na pombe yake, na Madam akamuuliza kwa upole, "Alipandishwa kutoka cheo gani, baba?" Jamaa mwenyewe akacheka, akakubali passed on.

Na mtaani nako neno lilikuwa limeshatoka mikononi mwetu. Vijana wa boda walisema betri imepass on, pasi ya shati imepass on, mapenzi ya fulani na fulani yamepass on. Akina mama sokoni waliosema Kiswahili walikuwa na yao: ametuacha, ametutoka, ametangulia, ameaga, amelala. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani kwamba hii ndiyo heshima, na kwamba mtu akijua maneno mengi ya kitu basi amekishinda. Nilijivuna nayo. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikisikia matarumbeta ya mazishi upande wa stendi nayapangia maneno kichwani.

Mama Wandera aliingia siku ya soko akiwa na shemeji yake, Mzee Barasa, ndugu wa marehemu mumewe. Mama alikuwa anauza muhogo mkavu Nambale, na vumbi jeupe la muhogo lilikuwa limemkaa kwenye mikunjo ya mikono. Mzee Barasa alivaa koti, akavua kofia, akaeleza kila kitu akiwa wima. Wandera, mtoto wa pekee wa huyu mama, alikuwa utingo wa lori. Aliondoka Malaba na shehena ya saruji kuelekea Juba. Lori lilikutwa njiani limeungua, dereva akiwa ndani yake, na Wandera hakuonekana, si mwili, si kiatu. Walituma watu, watu wakarudi mikono mitupu. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita. Sasa ukoo umekaa na kukata shauri kwamba wazike mgomba, kama inavyofanywa mtu akipotelea mbali: shina la mgomba linakatwa urefu wa mtu, linavishwa, linalazwa kaburini, ili roho ipate pa kukaa na walio hai waendelee. Kilichobaki ni tangazo la redio, kwa sababu jamaa wako Tororo, wako Jinja, wako Mombasa, na maziko yasiyotangazwa kwetu ni sawa na wizi. "Tuandikie vizuri, Madam," alisema mzee. "Kijana alikuwa na adabu."

Madam akachukua kalamu. Mama Wandera, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, akasema, "Mimi sijalia."

Mzee Barasa alikaa chini sasa. Kwa mgeni hayo ni maneno madogo. Lakini upande ule, mama mzazi akiwa hai, yeye ndiye anayefungua kilio. Anatoka uani, anapiga ukemi, na hapo ndipo mji mzima unapata ruhusa ya kulia. Kabla yake hakuna anayelia, na pasipo kilio hakuna kaburi linalochimbwa, la mtu wala la mgomba. "Shemeji, utalia lini?" mzee aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa imechoka. Mama akajibu, "Siku nikiona." Wakaondoka bila tangazo, naye Madam akabaki ameshika kalamu.

Ningedhani yameishia pale, ila Jumatatu iliyofuata akaja Amoit, mke wa Wandera, msichana wa Kiteso kutoka Angurai, mtoto mgongoni na mwingine ameshika sketi. Nilikuwa nyuma napepeta omena, na ukuta ule haukuficha kitu. "Madam, mimi nakuomba tu uongee na mama," alisema. "Mimi si mke, si mjane. Nikienda kwetu, baba anasema rudi kwa bwana yako, hakuna mtu alituambia amekufa. Nikirudi kwa bwana, wanasema ngoja. Nangoja nini? Nikiuza nyanya mwanaume akinisalimia tu, wananiangalia kama mwizi. Shamba siwezi pewa, kwa sababu mwenye shamba hajakufa. Kulima siwezi, kwa sababu mwenye shamba hayuko." Madam akamuuliza kama amekata tamaa na Wandera. Akajibu, "Wandera nampenda. Lakini mimi hata miaka ishirini na tano sijafika." Nilikuwa nimeacha kupepeta. Nilisikia Madam akimwambia atajaribu, na kwa sauti ile nilijua kesi hii imeshamnasa.

Alijaribu kwa njia aliyoijua. Kila siku ya soko Mama Wandera alipitia kwetu baada ya kuuza, akaketi kwenye benchi, nasi tukampa chai ya rangi na mandazi, na Madam akamletea maneno moja baada ya jingine kama mtu anayemjaribisha mteja viatu. Alimwambia tunaweza kusema ameitwa nyumbani. "Nyumbani kwake ni kwangu. Nani mwingine wa kumwita?" Tunaweza kusema amepumzika. "Kijana mdogo vile, alikuwa amechoshwa na nini?" Ameaga. "Aliniaga mimi, Madam. Alisema anarudi na masufuria." Basi tuseme amepotea, na hapo mama akafikiri, akakubali, neno hilo aliliweza. Tukaandika. Mzee Barasa alikuja, akasoma, akarudisha karatasi. "Mtu hazikwi akiwa amepotea, Madam. Aliyepotea anatafutwa." Na alikuwa na haki, hata mimi niliona. Jioni hiyo Madam hakula. Alisema amefundisha lugha miaka yote hiyo na hana hata neno moja la kumpa mwanamke wa muhogo.

Niseme ukweli, mimi yule mama alinichosha. Nilimwona mkaidi. Niliona mtu mmoja ameshika watu watatu, msichana na watoto wake wawili, kwa kiburi cha kutotaka kufungua mdomo, na nilimnung'unikia Madam kila tukifunga duka. Leo nina kijana wangu anayefanya kazi ya ulinzi Uarabuni. Simu yake ikikaa bila kuita mpaka wiki inaisha, najikuta nimesimama sebuleni bila kujua nilichofuata, na mtu akiniuliza habari zake najibu haraka kwamba yuko salama, yuko salama kabisa, wala sina habari yoyote. Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nimeandika msemo huo kwenye vitabu vya mazishi mara nyingi mno, nikiuweka kwa herufi za mlazo, na haukunigusa hata kidogo.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa ya mvua, ile mvua ya alasiri ya Busia inayopiga mabati mpaka hamsikilizani. Mama Wandera alikuwa kwenye benchi lake. Amoit akaingia mbio kutoka barabarani na karai lake la nyanya na watoto wote wawili, akamkuta mkwe wake pale, akasalimia kwa adabu, akakaa mwisho wa benchi. Walikuwa wanaishi boma moja na sikuona wakitazamana. Madam aliwapa chai. Watoto walikula mandazi. Punde kidogo Amoit, aliyekuwa ameegemea ukuta, akalala usingizi, mdomo wazi, kikombe kingali mkononi. Nilisimama nikakichukua kikombe kabla hakijamwagika. Mama Wandera alikuwa amegeuka sasa, anamwangalia. Alimwangalia kwa muda mrefu, vile mtu anavyokagua gunia alilolinunua bila kulifungua. "Madam," alisema, "huyu alikuja kwangu amenona. Tazama shingo."

Madam akageuka, akaitazama.

"Andika," mama akasema.

"Niandike vipi, mama?"

"Andika amekufa."

Madam akasema kwa upole kwamba redioni huwa tunasema passed on, ndiyo lugha yao, watu wamezoea, ni heshima kwa kijana. Mama Wandera akatikisa kichwa. "Nyinyi mmenizungusha sana na maneno yenu, na nakunywa chai yenu nanyamaza. Sijawakasirikia. Mlitaka nisiumie. Lakini mimi ndiye natakiwa kulia, Madam. Nani hulia kwa sababu mtu amepumzika? Nani hupiga ukemi kwa sababu mtu ameitwa? Mnanipa neno la kulala nalo, mimi nataka neno la kunipiga. Kama sitapigwa sitalia, na kama sijalia huyu mtoto wa watu atazeekea kwangu." Aliyasema yote kwa sauti ya chini ili Amoit asiamke. Kisha akarudia lile neno moja kwa Kiswahili, na kwa Kisamia, lugha ya kwao, ili tusikosee: amekufa.

Nilifunua kompyuta, nikapiga chapa neno nililokatazwa wiki yangu ya kwanza. Wandera has died. Madam alisimama nyuma yangu, mkono begani pangu. Baadaye kijana wa redio alitupigia simu kuuliza kama tumekosea, akasema atairekebisha iwe passed on, kawaida. Madam Imelda, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alimwambia, "Soma ilivyoandikwa, au uache." Aliisoma ilivyoandikwa. Tulikuwa tumeketi nyuma, sahani mapajani, na lile neno likapita katikati ya yale mengine laini likasikika peke yake. Jirani upande wa pili wa ukuta akasema, "Hawa wamemwandikaje mtu namna hiyo? Hawana huruma." Madam aliendelea kula.

Tulikwenda kwenye maziko pamoja. Mgomba ulikuwa umekatwa alfajiri na bado ulikuwa unatoa maji, ukalowesha shuka waliyoufungia, na juu ya shuka walikuwa wameuvalisha shati lake la buluu la kwendea kanisani, vifungo vyote mpaka shingoni. Watu walikuwa wengi, wamesimama kimya, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, wote wakitazama mlango wa nyumba moja. Nilimwona Amoit kati ya wake wa ukoo, ameinamisha kichwa. Kisha Mama Wandera akatoka. Alitembea mpaka katikati ya ua, akavua kitambaa cha kichwa, akasema kwanza kwa sauti ya kawaida, kama anayewajulisha majirani kuhusu bei ya muhogo, "Mtoto wangu amekufa." Halafu akafungua mdomo tena. Sitaieleza sauti ile. Nimeandika vifo vya watu kwa mwaka mzima na sikuwa nimewahi kusikia kifo mpaka pale. Wanawake wote wakampokea, na Madam Imelda, mwalimu wangu wa maneno laini, alianguka chini akalia kwenye vumbi pamoja nao.

Amoit alinyolewa nywele, akakaa siku zake za msiba, na ukoo ukamwachilia bila ugomvi. Mzee Barasa mwenyewe alimsindikiza mpaka Angurai na watoto. Mzee alikuwa ametaka watoto wabaki. Mama ndiye aliyesema waende na mama yao, ati mtoto mdogo hahamishwi maziwa. Alimfungia Amoit unga wa muhogo kwenye kiroba, akasimama barabarani mpaka wakapotea, akarudi ndani ya boma lililokuwa sasa lake peke yake. Hayo tuliambiwa na mzee. Sisi tulidhani hatutamwona mama tena, kwa kuwa shughuli iliyokuwa ikimleta kwetu ilikuwa imekwisha.

Siku ya soko akaja. Aliingia, akaketi kwenye benchi pale pale, mikono myeupe ya muhogo magotini. Madam alisimama haraka, akamuuliza kama kuna kitu anataka aandikiwe, kadi ya shukrani kwa waliochangia pengine, watu huwa wanafanya hivyo. Mama akasema hapana, hataki kuandikiwa kitu. Nikamletea chai. Aliishika bila kuinywa. Nje lori zilikuwa zimepanga foleni kuelekea mpakani, na yeye alikuwa anazitazama moja moja, anawatazama vijana waliokaa juu ya shehena. Madam akamwambia, kwa kutaka kumfariji, kwamba amefanya jambo jema, kwamba amemwokoa yule msichana, na kila mtu Nambale anamsifu. "Najua," mama alisema. "Nilifanya vizuri." Akageuza kikombe mkononi. "Lakini Madam, watu wote walikuwa wameshamaliza naye zamani. Barasa alikuwa amemaliza, mke wake alikuwa amemaliza. Alikuwa amebaki na mimi tu. Sasa huko aliko hana mtu." Madam Imelda alifungua mdomo, na nilimwona akitafuta, nilimwona kabisa akipita katika maneno yake yote. Kisha akaketi kando ya yule mama kwenye benchi la wateja.